Fundi wa Boksi la Besi

Tukiisifu matatu ya Nairobi, tunasifu kinachoonekana: michoro, taa, skrini, viti. Hata tukiusifu muziki wake, tunataja chapa ya spika na wati za amplifaya. Sifa zangu leo ni za fundi aliyepasua mbao na kuunda boksi lililofichwa nyuma ya kiti cha mwisho. Kwa maoni yangu, ndiye mwanamuziki wa kwanza wa gari lile. Wufa, yaani spika ya besi, ya bei ya wastani ndani ya boksi lililopigiwa hesabu huishinda wufa ya fahari iliyotiwa katika boksi la kubahatisha, na huishinda mbali.

Iwashe wufa ikiwa uchi juu ya kaunta ya duka pale Luthuli Avenue. Utaiona koni ikiruka kwa nguvu, lakini besi huisikii. Koni inaposukuma hewa mbele, kwa wakati uo huo inaivuta ya nyuma. Wimbi la sauti ya mitetemo 35 kwa sekunde, yaani hezi 35, lina urefu wa karibu mita 10, kwa hiyo spika ya inchi 12 si kizuizi kwake hata kidogo. Hewa ya mbele inazunguka ukingo, inakutana na ya nyuma, na zote mbili zinafutana.

Dawa nyepesi ni kuifungia sauti ya nyuma ndani ya boksi lisilo na tundu. Besi yake huwa safi na yenye adabu, nami nawaheshimu wanaoipenda. Lakini nusu ya kazi ya koni imezikwa humo. Albert Thuras, mhandisi wa Bell Labs huko Marekani, alipata hataza mwaka 1932 ya njia nyingine: boksi litobolewe, sauti ya nyuma itoke kupitia bomba, lakini itoke ikiwa imegeuzwa ili iungane na ya mbele badala ya kuipinga.

Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu, nayo italia kwa sauti yake moja. Hewa ya shingoni ni mzigo, hewa ya tumboni ni springi, na mzigo ukicheza juu ya springi una kasi yake ya asili. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilichunguza jambo hilo katika karne ya 19, na boksi lenye bomba linafuata kanuni iyo hiyo. Katika sauti lililotegewa, koni karibu inatulia kabisa, na hewa ya bombani ndiyo inayofanya kazi. Mtu asiyejua akiiona koni imetulia atadhani wufa imeharibika, kumbe hapo ndipo boksi linapoimba.

Hesabu yake ndiyo inayonifanya niwavulie kofia mafundi hawa. Chukua boksi la sentimita 65 kwa 40 kwa 35. Kwa nje ni lita 91. Likijengwa kwa mbao za MDF zenye unene wa milimita 18, ndani zinabaki lita 70 tu. Ondoa nafasi inayoliwa na mwili wa wufa, bomba na mbao za kuimarisha kuta, unabaki na lita 60 hivi, na hizo ndizo hewa yenyewe. Ukitaka boksi hilo litegwe kwenye hezi 35 kwa bomba la kipenyo cha sentimita 10, bomba liwe na urefu wa karibu sentimita 25. Ukitaka kushuka hadi hezi 30, lazima lifike 36. Je, ukiona bomba ni jembamba na hewa inafoka kwa kelele, ukalipanua hadi sentimita 15? Hata kwa hezi 35 zile zile urefu unaruka hadi 61, na sasa halienei ndani ya boksi mpaka ulikunje. Kila unachokipata kina bei yake, na fundi ndiye anayekaa na penseli akiamua alipe kipi.

Kabla ya penseli huja karatasi inayoambatana na wufa, yenye vipimo ambavyo wengi huvitupa pamoja na katoni. Neville Thiele wa Australia alionyesha mwaka 1961 namna ya kulisanifu boksi lenye tundu kutokana na tabia za spika yenyewe, na Richard Small akaiendeleza kazi hiyo huko Sydney. Mpaka leo vipimo hivyo hubeba majina yao. Humo fundi husoma kama wufa hii inataka tundu au inataka kufungiwa, maana si kila wufa hufaa kutobolewa boksi.

Kisha amuulize mwenye gari: "Bosi, unapiga muziki gani?" Swali hili si la kuzugia. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hulia kwenye hezi 41, kwa hiyo anayesikiliza rumba atatoshelezwa na boksi la hezi 35. Besi za kompyuta za nyimbo za vijana hushuka chini ya hapo, na chini ya sauti lililotegewa boksi halimsaidii mtu: koni inakosa hewa ya kuizuia na kuanza kurukaruka hadi ijiumize. Amplifaya iwekewe kichujio cha kuzikata sauti hizo, na fundi asiyemweleza mteja haya hajamaliza kazi.

Kwenye mbao, MDF hupasuka ubavuni ukiikaza skrubu bila kuitangulizia tundu, na ikinyweshwa maji huvimba. Viungo vijazwe gundi bila uchoyo. Moshi wa ubani ukipitishwa kando ya viungo huku besi ikipiga huonyesha hewa inapotorokea. Midomo ya bomba ichongwe iwe mviringo na ipigwe msasa ili hewa ipite bila kufoka. Bomba lenyewe likatwe refu kidogo kuliko hesabu, lijaribiwe kwa sauti moja moja, na lipunguzwe kidogo kidogo mpaka koni itulie pale ilipokusudiwa.

Boksi zima, na wufa yake, linapita kilo 20. Lifungwe kwa bolti kwenye sakafu, kwani gari likigonga, boksi lililo huru litawaangukia waliokaa mbele yake. Na kabla ya kapeti kugandishwa, fundi aandike kwa kalamu ya wino ubavuni: lita, hezi, kipenyo na urefu wa bomba, na jina lake. Mchoraji husaini kazi yake mlangoni. Siku wufa itakapobadilishwa, fundi mwingine atazihitaji namba hizo, na atataka kujua amuulize nani.