Riwaya ya Ajabu Isomwe Kwanza, Ifumbuliwe Baadaye

Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wetu wakiulizwa kama Kiswahili kina riwaya za kifantasia au za kisayansi, wengi hujibu kwamba hizo ni za Kiingereza. Jibu hilo si sahihi, lakini lawama si yao. Vitabu vipo, namna yetu ya kuvifundisha ndiyo inayovificha.

Chukua Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa ndani ya chombo kinachokusudiwa kumwangamiza. Badala ya kufa, anafaulu kukiendesha, na kinamfikisha katika nchi ambayo jina lake likitenganishwa husema ‘wale ni sisi’. Darasani, chombo hakijaruka bado na sisi tumekwisha kuandika ubaoni kwamba ni ishara ya jambo fulani. Mwanafunzi hunakili na kufunga daftari. Hakupata nafasi ya kuogopa pamoja na Dzombo, wala kushangaa chombo kilipomtii. Kumbe maudhui yamo katika mshangao huo: aliyehukumiwa anaweza kuutawala mtambo uliokusudiwa kumwua. Asiyeuona mtambo atauonaje ukombozi?

Hali ni hiyo hiyo katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Mzuka wa babu unamjia K, mtu mwenye cheo aliyewapa watu wake kisogo, na kumwonyesha asiyotaka kuyaona. Ukimwambia mwanafunzi tangu mwanzo kwamba babu ni dhamiri tu, umemzika mzee huyo mara ya pili. Mwache kwanza awe maiti aliyerudi. Dhamiri itajitokeza yenyewe.

Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila ni tofauti kidogo. Msafiri wake anapita katika kijiji cha utandawazi akiandamwa na kivuli cha P.P. Hapa mwandishi mwenyewe hutuharakisha kufumbua, na pengine ajabu hugeuka somo la siasa kabla haijatugusa. Hiyo ni dosari, ingawa kasi ya safari humshika msomaji kijana. Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi ni nzito zaidi, na ningeiacha kwa wanafunzi waliokwisha kuzoea riwaya za aina hii.

Ni kweli kwamba riwaya hizi zina fantasia nyingi kuliko sayansi. Hazijali sana mitambo inavyofanya kazi. Pengo hilo ni la kujazwa na vijana wetu, nao hawaanzi mikono mitupu. Hapa Ukambani husimuliwa habari za Syokimau, mtabiri aliyeona nyoka mrefu atoaye moto na moshi akija kutoka upande wa pwani. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Wazee hawakuuliza nyoka yule ni ishara ya nini; walimwona kwanza, wakamtambua baadaye. Katika filamu, Wanuri Kahiu alifanya kazi kama hiyo katika Pumzi (2009), kwa kutazama dunia ya baadaye iliyokaukiwa na maji. Mtoto wa Kitui anayefukua mchanga wa mto mkavu ili ajaze mtungi anaijua nusu ya hadithi hiyo. Anachohitaji ni ruhusa ya kubuni nusu iliyobaki.

Basi napendekeza utaratibu mwepesi. Tafuta nakala hata moja ya Walenisi au Babu Alipofufuka kwa ajili ya maktaba ya shule. Katika vipindi viwili vya kwanza, uliza maswali haya tu: Nini kimetokea? Kinafananaje? Wewe ungefanya nini? Neno ‘ishara’ lisubiri kipindi cha tatu. Mtihani hautapoteza kitu, kwani mwanafunzi aliyeiona ajabu kwa macho yake hueleza maana yake kwa maneno yake, wala hahitaji kukariri yetu.