Dhambi ya Jimbo la Jirani: Uhakiki wa Hoja za Vyama vya Marekani Juu ya Kanda na Rangi

Utangulizi

Kila baada ya miaka minne taifa la Marekani humchagua Rais wake, na ramani ya nchi hiyo hupakwa rangi mbili: nyekundu kwa majimbo yaliyompa ushindi mgombea wa Chama cha Republican, na buluu kwa yale yaliyompa ushindi mgombea wa Chama cha Democratic. Desturi hiyo ilithibitika katika uchaguzi wa mwaka 2000. Ramani ni chombo cha kuonyesha hesabu ya kura, basi. Lakini wanasiasa na waandishi wameigeuza kuwa kipimo cha tabia za watu. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki hoja ambazo wafuasi wa vyama hivi hurushiana juu ya kanda za nchi yao, na kuuliza suala la ubaguzi wa rangi limewekwa wapi ndani yake.

Jambo hili latuhusu. Dayosisi zetu kadhaa zina uhusiano wa kindugu na sinodi za Kilutheri za Marekani, kama vile Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Eneo la Saint Paul katika jimbo la Minnesota. Wageni wanaoketi mezani petu hutoka katika ramani hiyo. Hatuwezi kuwa ndugu wa kweli wa watu tunaowajua kwa rangi ya jimbo lao tu. Dai letu ni kwamba hoja hizi, za pande zote mbili, huliondoa kosa la ubaguzi mlangoni pa msemaji na kulitua mlangoni pa jirani.

Hoja zenyewe

Upande wa Wademocrat husema: Tazameni majimbo ya Kusini, umaskini wake, vifo vya watoto wake wachanga, na mauaji kwa bunduki, hayo ndiyo matunda ya utawala wa Warepublican. Warepublican nao hujibu: Tazameni miji mikubwa, Chicago, Detroit na Baltimore, ambayo kwa miongo mingi imeongozwa na mameya wa Democratic, hayo ndiyo matunda yenu.

Tuuchukue mji wa New Orleans. Jimbo la Louisiana limempa ushindi mgombea wa Republican katika kila uchaguzi wa Rais tangu mwaka 2000, lakini mji wenyewe umekuwa mikononi mwa mameya wa Democratic tangu karne ya 19. Kijana Mweusi akiuawa katika mtaa wa mji huo, upande mmoja humwandika katika hesabu ya majimbo mekundu, na upande wa pili humwandika katika hesabu ya miji ya buluu. Marehemu mmoja amehesabiwa mara mbili, wala hakuna aliyeuliza jina lake. Hapo twaona kasoro ya kwanza: mtu ametumiwa kama ushahidi dhidi ya mtu mwingine.

Kasoro ya pili ni kulihesabu jimbo kana kwamba ni mtu mmoja. Mississippi hutajwa mara nyingi kuwa mfano wa jimbo maskini linalochagua vibaya. Lakini zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu wa jimbo hilo ni Mmarekani Mweusi. Katika uchaguzi wa mwaka 2008, wapiga kura walioulizwa walipotoka vituoni walionyesha kwamba karibu Wazungu 9 katika kila 10 wa Mississippi walimchagua John McCain, na Weusi karibu wote walimchagua Barack Obama. Basi anayeudhihaki umaskini wa Mississippi ili kuwaaibisha Warepublican, kwa sehemu kubwa anawadhihaki watu wa chama chake mwenyewe.

Vilevile, anayeicheka miji ya Kaskazini husahau jinsi mitaa yake ilivyofanywa. Katika miaka ya 1930 serikali ya shirikisho ilichora ramani za miji, na mitaa iliyodhaniwa kuwa ya hatari kwa mikopo ya nyumba ikapakwa rangi nyekundu. Mingi ya mitaa waliyokaa Weusi ikaangukia humo. Kazi hiyo ilifanyika chini ya Rais Franklin Roosevelt, ambaye alikuwa Mdemocrat. Basi hata Wademocrat hawawezi kuitaja historia ya mitaa hiyo kama kosa la wengine.

Historia iliyokatwa vipande

Warepublican hupenda kusema kwamba wao ni chama cha Abraham Lincoln. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Hiram Revels, mchungaji Mweusi aliyeingia Seneti mwaka 1870 akiwakilisha Mississippi, wa kwanza wa rangi yake, alikuwa Mrepublican. Na kwamba waliowanyima Weusi wa Kusini kura baada ya hapo walikuwa Wademocrat. Mwaka 1948 Wademocrat wa Kusini walioasi walimsimamisha Strom Thurmond kuutetea utengano wa rangi, akashinda majimbo 4.

Lakini simulizi hii huishia njiani. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson, Mdemocrat wa Texas, alitia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia. Mpinzani wake Barry Goldwater, aliyeipinga sheria hiyo katika Seneti, alishinda jimbo lake la Arizona na majimbo 5 ya Kusini kabisa, wala hakushinda jingine. Mwaka 1969 Kevin Phillips, aliyefanya kazi katika kampeni ya Richard Nixon, alichapisha kitabu cha The Emerging Republican Majority, akieleza waziwazi jinsi chama chake kingeweza kujijenga kwa Wazungu waliokuwa wakiwahama Wademocrat kwa sababu ya rangi.

Wademocrat kwa upande wao huianza historia mwaka 1964, kisha huikalisha Kusini peke yake. Lakini George Wallace, gavana wa Alabama na mtetezi wa utengano, alipata karibu theluthi moja ya kura za uteuzi wa chama cha Democratic huko Wisconsin mwaka 1964, akashinda uteuzi wa Michigan mwaka 1972. Martin Luther King alipigwa jiwe Chicago mwaka 1966. Massachusetts ndilo jimbo pekee lililomkataa Nixon mwaka 1972. Miaka miwili baadaye Wazungu wa Boston waliyapiga mawe mabasi yaliyowachukua watoto Weusi kwenda shule. Na George Floyd aliuawa na polisi mwaka 2020 katika Minneapolis, ndani ya jimbo la Minnesota ambalo halijamchagua Mrepublican kuwa Rais tangu mwaka 1972.

Vitabu viwili

Thomas Frank, katika What's the Matter with Kansas? cha mwaka 2004, aliuliza kwa nini wafanyakazi wa jimbo alikokulia huchagua chama kinachowaumiza mfukoni, akajibu kwamba wamevutwa na mambo ya maadili, hasa utoaji mimba. Kitabu kina nguvu na uchungu wa mwana wa nyumbani. Hata hivyo humfanya mpiga kura kuwa mtu aliyedanganyika, na rangi hupata nafasi ndogo, ijapokuwa Topeka, mji mkuu wa Kansas, ndiko ilikotoka kesi ya mwaka 1954 iliyobatilisha utengano katika shule.

Andrew Gelman na wenzake, katika Red State, Blue State, Rich State, Poor State cha mwaka 2008, walionyesha kwamba majimbo tajiri huwapendelea Wademocrat, lakini ndani ya majimbo watu matajiri huelekea zaidi kwa Warepublican, na tofauti hiyo ni kubwa zaidi katika majimbo maskini kama Mississippi kuliko katika majimbo tajiri kama Connecticut. Tena waligundua kwamba kuhudhuria ibada hutenganisha kura za matajiri kuliko za maskini. Hoja hii yapasa kutushtua sisi watumishi wa madhabahu. Kitabu hiki ni dawa nzuri dhidi ya kasoro ya pili tuliyoitaja. Lakini takwimu humwonyesha mtu mahali aliposimama. Hazimwambii ana deni gani kwa jirani yake.

Maana yake kwa Kanisa

Katika uchaguzi wa mwaka 2016, Wazungu wa makanisa ya kiinjilisti, karibu 8 katika kila 10, walimchagua Donald Trump. Waprotestanti Weusi, wanaosoma Biblia ileile, kwa wingi mkubwa walimchagua Hillary Clinton. Nalo Kanisa dada letu la Kilutheri, lililoundwa kwa muungano mwaka 1988, lilionekana katika uchunguzi wa mwaka 2014 kuwa na Wazungu 96 katika kila washiriki 100. Basi utengano haukai katika majimbo ya aina moja tu, bali umekaa pia katika viti vya ibada, na hakuna ramani ya vyama iwezayo kuuonyesha.

Katika maelezo yake ya Amri ya Nane, Luther hakutosheka na kukataza uongo. Alitaka jirani atetewe na mambo yake yafasiriwe kwa wema. Ushahidi unaotoa takwimu za kweli kwa nia ya kumwaibisha jirani, huku ukiyaficha ya nyumbani, bado ni ushahidi wa uongo. Danieli katika sura ya 9 hakusema kwamba baba zake walikosa na yeye yu safi. Alijihesabu pamoja nao. Mwaka 2005 Ken Mehlman, mwenyekiti wa Chama cha Republican, alikwenda mbele ya mkutano wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, akakiri kwamba baadhi ya watu wa chama chake walitafuta faida ya kisiasa katika mgawanyiko wa rangi, na kwamba walikosea. Maneno hayo hayakuibadili ramani. Lakini yalisemwa na mtu aliyekisema chama chake mwenyewe, na kwa hiyo yana uzito kuliko takwimu zote za jimbo la jirani.

Hitimisho

Twawashauri wachungaji na kamati za uhusiano wasizipokee hoja hizi kama zilivyo, wala wasizirudie katika mafundisho. Mgeni akitulaumia majimbo ya Kusini, tumwulize kwa upole habari za mji wake na usharika wake. Naye ana haki ya kutuuliza sisi vivyo hivyo juu ya kanda na makabila yetu, na hatuna budi kuwa tayari kujibu.