Chuo cha Ngapi Duniani? Swali Lisilomsaidia Mwenye Alama Ndogo

Kila msimu wa maombi ukifika, sisi tunaosoma uzamili na uzamivu nje tunapokea ujumbe wa aina moja. Wa mwaka huu ulionikaa kichwani ni wa binamu yangu: "Kaka, SAT nimepata 1050. Nataka uhandisi wa umeme au mitambo. Nitajie vyuo vya nje vitakavyonichukua, ila viwe ndani ya 500 bora duniani. Mzee anasema chini ya hapo hatoi hela."

Mzee si mkorofi. Anafikiria kuuza kiwanja, na mtu anayeuza kiwanja ana haki ya kudai kipimo. Shida ni kwamba kipimo alichoshika hakipimi kile anachokinunua. Hebu tukifungue tuone ndani yake kuna nini, kama tunavyofanya na kifaa chochote cha maabara kabla ya kuamini namba zake.

Ndani ya orodha

Chukua orodha ya QS, ambayo ndiyo inayotajwa sana huku kwetu. Kwa mgawanyo ulioanza na toleo la 2024, asilimia 30 ya alama za chuo zinatokana na kura za wanataaluma wanaoulizwa vyuo gani wanaviona bora. Asilimia 15 nyingine ni kura za waajiri. Yaani karibu nusu ya namba ile ni jina, sifa inayozunguka. Asilimia 20 ni mara ngapi makala za watafiti wa chuo zinanukuliwa na watafiti wengine. Uwiano wa wahadhiri na wanafunzi, ambao angalau unakaribia darasani, unapata asilimia 10 tu.

Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, inakwenda mbali zaidi. Asilimia 30 ya alama zake zinategemea tuzo za Nobel na medali za Fields, yaani 10 kwa waliohitimu hapo na 20 kwa wanaofundisha hapo. Sasa jiulize: Nobel ya uhandisi hutolewa lini? Haipo. Ipo ya fizikia, kemia, tiba, fasihi, amani na uchumi. Fields ni ya hisabati. Kwa hiyo chuo kinaweza kupanda kwa sababu ya mwanauchumi mmoja mzee, wakati wewe unatafuta mtu wa kukufundisha kukokotoa uzito ambao boriti ya daraja inaweza kubeba.

Hizi orodha si uongo. Zinajibu swali la mtu mwingine: utafiti mkubwa unafanyika wapi, na nani anajulikana. Mtu anayetafuta msimamizi wa uzamivu anaweza kuanzia hapo. Na kuna mahali namba yenyewe inafungua mlango: Uingereza, tangu 2022, ina viza ya wahitimu ambayo huangalia kama chuo chako kilikuwa juu katika orodha hizi. Lakini hapo tunazungumzia vyuo vichache vya kileleni, ambavyo mwenye 1050 hashindanii. Ukishafika mahali pa 400 au 700, tofauti ya nafasi hamsini haikuambii lolote kuhusu darasa lako la mwaka wa kwanza.

Na kipimo chenyewe kinateleza. Mwanzoni mwa 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Columbia, New York, aliandika uchambuzi akihoji takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilipeleka kwa U.S. News, watengenezaji wa orodha maarufu ya Marekani. Columbia ilikuwa ya 2. Baadaye chuo kilikiri kwamba baadhi ya takwimu hazikuwa sahihi, na orodha iliyofuata ikakiweka cha 18. Kuta zilikuwa zile zile, na wahadhiri na maabara vile vile. Ungekuwa umejiunga mwaka ule, elimu yako ingeshuka nafasi 16? Wanauchumi wana jina la jambo hili, kanuni ya Goodhart: kipimo kikigeuzwa kuwa lengo, kinaacha kuwa kipimo kizuri.

Na hiyo 1050 nayo ni kipimo

Tukiwa wakali kwa orodha, tuwe wakali pia kwa alama zako. Kila mtihani una kosa la kipimo. College Board, wanaotunga SAT, wenyewe wanakubali kwamba alama ya sehemu moja inaweza kuyumba kwa takriban pointi 30 hadi 40 juu au chini, bila wewe kuongeza au kupunguza ujuzi wowote. Kwa hiyo anayerudia mtihani ili atoke 1050 afike 1070 anafukuza kelele za kifaa. Rudia kama umesoma upya na una sababu ya kutarajia pointi 100 au zaidi. Vinginevyo hiyo hela ni ya kitabu cha hisabati.

Halafu 1050 ni jumla, na jumla huficha. Kuna mwenye 450 ya kusoma na kuandika na 600 ya hisabati. Kuna mwenye 620 na 430. Wote wawili wanaandika 1050 kwenye fomu. Kwa uhandisi hao ni watu wawili tofauti kabisa. College Board wameweka alama 530 ya hisabati kama mstari: aliyeufikia ana uwezekano wa asilimia 75 wa kupata angalau C katika kozi ya kwanza ya hisabati chuoni. Wa kwanza ameuvuka mstari, tatizo lake ni Kiingereza, na Kiingereza kinapanda ukikaa nacho. Wa pili yuko chini yake kwa pointi 100, na hizo si kelele.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokufariji. Utasikia: "Alama si kitu, vyuo vingi siku hizi havidai SAT." Ni kweli kwamba vyuo vikuu vya University of California haviangalii SAT kabisa. Ni kweli pia kwamba MIT waliirudisha 2022 baada ya kuiacha wakati wa korona, wakieleza kwamba hasa alama za hisabati zinawasaidia kujua nani atamudu masomo yao. Caltech nao wakairudisha 2024. Chuo kikiacha kudai mtihani, kalkulasi haiachi kuwepo. Inakusubiri muhula wa kwanza, na safari hii ukifeli umeshalipa ada. Kama 430 ni yako, usiende popote kwanza. Kaa miezi sita na aljebra na trigonometria. Hiyo ni nafuu kuliko muhula mmoja wa nje.

Mtego wa wastani uliochapishwa

Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka taarifa iitwayo Common Data Set, na ndani yake kuna alama za SAT za waliojiunga, kuanzia asilimia 25 hadi 75. Watu wengi husoma namba ya chini kama kizingiti. Sivyo. Maana yake ni kwamba robo ya wanafunzi walioandikishwa na kupeleka alama walikuwa chini ya hapo.

Ila kuna mtego mwingine. Fikiria darasa la watu 10 katika chuo kinachosema alama si lazima. Watano wana zaidi ya 1200, wanazipeleka. Watano wana chini ya 1100, wanazificha, na wote wanakubaliwa. Chuo kitachapisha takwimu za wale watano wa juu peke yao. Wewe mwenye 1050 utaisoma, utasema "hapa si pangu", kumbe nusu ya darasa ni watu kama wewe. Kwenye takwimu tunauita upendeleo wa uteuzi. Ndio maana taarifa ile ile inaonyesha pia asilimia ngapi walipeleka alama, na ukiisoma bila namba hiyo unaweza kujidanganya. Soma pia masharti ya wanafunzi wa kimataifa peke yake, pamoja na ya ufadhili, maana kuna vyuo ambavyo hiari hiyo haifiki huko.

Basi uangalie nini?

La kwanza ni ithibati ya programu. Sikusema ya chuo. Marekani, ABET huthibitisha programu moja moja: chuo kinaweza kuwa na ithibati ya ujenzi na kisiwe nayo kwa programu jirani yenye jina tamu zaidi. Tangu 1989 kuna Mkataba wa Washington, ambao mamlaka za uhandisi za nchi wanachama zinatambuliana kwao shahada zilizothibitishwa. Marekani, Uingereza, Kanada na Australia zilikuwamo tangu mwanzo, na baadaye zikaingia Afrika Kusini, Malaysia, Uturuki, India na China. Ukirudi Tanzania utakutana na TCU kwa utambuzi wa shahada na ERB kwa usajili wa uhandisi. Kenya ni CUE na EBK. Hao watauliza ulisoma nini, kwa miaka mingapi, na programu ilithibitishwa na nani. Waulize wewe kwanza, kabla hujaondoka.

Ukitafuta kwa njia hii, majina mapya yanajitokeza. South Dakota Mines, pale Rapid City, kipo tangu 1885, kina programu za uhandisi zenye ithibati ya ABET, na pengine leo ndiyo mara yako ya kwanza kukisikia.

La pili ni wangapi wanamaliza. Serikali ya Marekani inachapisha, katika College Scorecard, sehemu ya wanafunzi wanaohitimu katika kila chuo. Chuo kinachopokea karibu kila mtu halafu kinahitimisha wachache kimekuuzia tiketi ya kuingia tu. Kwa mwenye alama ndogo, mimi ningeitazama namba hii kabla ya nyingine yoyote.

La tatu ni mlango wa pembeni, na si aibu kuutumia. Vyuo vya jamii vya miaka 2 Marekani kwa kawaida havidai SAT, na baada yake unahamia chuo kikuu ukiwa na alama za kalkulasi na fizikia mkononi. Hizo zinasema mengi kuliko Jumamosi moja ya mtihani. Ujerumani kuna Studienkolleg, maandalizi ya kama mwaka mmoja kwa ambao cheti chao hakitoshi kuingia moja kwa moja. Mkondo wa T ndio wa ufundi na uhandisi. Vyuo vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Lakini "bure" isikulevye. Shahada nyingi za kwanza ni kwa Kijerumani, na kwa viza utaonyesha fedha za kujikimu, ambazo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu.

La nne hupendi kulisikia: kubaki. Shahada ya kwanza yenye usajili nyumbani, kisha uzamili nje, ni njia ambayo wengi wetu hapa tumepita. Ukiomba uzamili hakuna anayekuuliza SAT.

Na wakala je? Muulize nani anamlipa. Kama analipwa na chuo kwa kila kichwa, ushauri wake nao ni kipimo chenye upendeleo. Anayekuahidi "chuo cha 380 duniani, bila mtihani" akuonyeshe jina la programu yako kwenye orodha ya ithibati. Akizungushazungusha, funga mkoba.

Binamu yangu nilimuomba anigawie ile 1050. Ikawa 470 na 580. Nikamwambia hisabati anayo, alipie maombi ya vyuo vinne badala ya kumi na mbili, na kila kimoja kiwe na programu iliyothibitishwa, kiwango cha kuhitimu anachoweza kumwonyesha baba yake, na jumla ya gharama za miaka minne kwa shilingi. Hesabu ilipofanywa kwa shilingi, viwili vikaanguka vyenyewe. Jumapili iliyopita mzee alinipigia. Namba duniani hakuitaja. Aliuliza: "Hicho kilichobaki, ERB wanakijua?" Nilimwambia barua ya kuwauliza imeshapelekwa, na kiwanja kisubiri jibu.