'Hasla': Neno la Kazi Lisilo na Bwana

Mjadala kuhusu maneno ya Kiingereza katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, aghalabu huishia kwenye swali la usafi: je, Sheng inakiharibu Kiswahili? Makala haya yanauliza swali jingine. Neno la Kiingereza linapohamia mtaani, linabeba nini, na linaacha nini? Mfano wetu ni 'hustle', lililozaa nomino 'hasla' (wingi 'mahasla') na kitenzi 'kuhasle'.

Asili ya 'hustle' ni Kiholanzi, kwa maana ya kutikisa. Katika karne ya 19 'hustler' alikuwa mwizi anayewasukuma watu ili awaibie. Baadaye, huko Marekani, akawa pia mchapakazi mwerevu. 'Hassle', yaani usumbufu, ni neno jingine kabisa. Hata hivyo, irabu zinazoyatenganisha maneno hayo mawili huwa 'a' moja katika matamshi yetu. Kwa hiyo 'kuhasle' kwa mchuuzi wa Gikomba kunasikika kama bidii na adha kwa pamoja. Hilo si kosa la utohozi. Ni maelezo sahihi ya siku yake.

Hatuna budi, hata hivyo, kuliweka neno hili miongoni mwa watangulizi wake. Kariokor, mlangoni mwa Eastlands, ni 'Carrier Corps', kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina hilo linamhifadhi aliyebebeshwa na vilevile jeshi lililombebesha. 'Kibarua' limetokana na 'barua': mfanyakazi amepewa jina la karatasi, na karatasi ina mtoaji. Katika riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road (1976), wajenzi wa jengo la Development House wana msimamizi juu yao. Msomaji anajua jasho lao linamwinulia nani ghorofa. 'Jua kali', jina la mafundi kama wale wa Kamukunji, halina tena mwajiri, lakini angalau linataja kinachowachoma. 'Hasla' halitaji chochote ila mtu mwenyewe.

Sarufi inathibitisha hoja hii. Kiswahili kina 'kuhangaika', na kando yake 'kuhangaisha': anayehangaika anaweza kuwa na anayemhangaisha. 'Kuhasle' hutumiwa kwa kawaida bila yambwa, na mhasili wake hana mtesi. Umbo silo kizuizi, kwani 'samehe', lenye mwisho uo huo, hutoa 'samehesha'. Kilichokosekana ni haja ya kuuliza nani anasababisha.

Ndiyo maana neno hili liliifaa siasa. Katika kampeni za uchaguzi wa Agosti 2022, William Ruto aliwapanga Wakenya katika makundi mawili, mahasla na nasaba za kisiasa, naye, akiwa Naibu Rais tangu 2013, akajihesabu miongoni mwa mahasla. Neno lililomhusu muuza mitumba lilimpokea kiongozi huyo bila kukwama, kwa sababu halikuuliza nani ana mamlaka juu ya nani. Hazina ya mikopo iliyozinduliwa Novemba 2022 ilipewa jina hilohilo. Hasla akapewa deni ajikwamue. Swali la ajira likabaki pembeni.

Je, tulikatae neno hili? La. Kijana wa Umoja au Dandora anaposema 'nahasle' anakataa kuhurumiwa, na anakana kuwa ombaomba au mwizi. Ile maana ya wizi ya karne ya 19 ameigeuza kuwa utetezi wa heshima yake. Mwandishi au mfasiri anayempachika 'mhangaikaji' mahali pa 'hasla' anampokonya heshima hiyo.

Pendekezo letu ni la kiuhakiki. Neno na libaki kinywani mwa mhusika, maana ni lake kwa haki. Msimulizi, kwa upande wake, asiliazime bila kufikiri. Mhusika anaposema anahasle, kazi ya msimulizi, na ya mhakiki baada yake, ni kuirejesha ile kauli ya kutendesha iliyopotea njiani: anahangaishwa na nani?