Nani Anabeba Mzigo? Uhakiki wa Neno "Stahimilivu" katika Miundombinu ya Kasese

Katika ripoti za maendeleo za siku hizi, maneno matatu hupenda kutembea pamoja: miundombinu, endelevu na stahimilivu. Kwa ufupi, wahandisi humaanisha barabara, madaraja na mifereji isiyoharibiwa upesi na mabadiliko ya tabianchi, na isiyojengwa kwa kuwamalizia wajukuu wetu mali yao. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, hivyo bila shaka maneno haya yatazidi kutufikia kwa Kiswahili. Ni wajibu wetu tunaosoma lugha kuyahakiki kama tunavyohakiki tamthilia: yanasema nini, na yananyamazia nini? Hoja yangu ni kwamba neno "stahimilivu", likiachwa peke yake, huficha swali la nani anabeba mzigo. Nitalipima mahali pawili katika Wilaya ya Kasese: kwenye ziwa la chumvi la Katwe, katika mji wa Katwe-Kabatoro, na katika bonde la Mto Nyamwamba.

Tuanze na neno lenyewe. Stahimili, himili, mhimili na hamali ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba. Mhimili hubeba paa. Hamali hubeba gunia la mwenzake kwa ujira. Stahimili, hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku ni kitenzi cha binadamu: mgonjwa hustahimili maumivu, mfiwa hustahimili msiba. Tunaposema daraja ni stahimilivu tunatumia tashihisi, yaani tunakipa kitu subira ya mtu. Tashihisi hiyo si kosa. Hatari yake ni kwamba msomaji akishaiona subira ya daraja, anaweza kuisahau subira ya watu wanaolivuka.

Ziwa Katwe limo ndani ya kreta na halina mto unaotoka. Jua huvukiza maji, chumvi hubaki. Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, kampuni ya Kijerumani ilijenga kiwanda kikubwa cha kusafisha chumvi hiyo. Hakikudumu kazini. Maji makali ya ziwa yaliyala mabomba yake, na hadi leo magofu yake yanaonekana kando ya ziwa. Kwa macho kilikuwa imara: chuma, zege, mitambo. Lakini uimara huo haukulingana na mzigo wa mahali pale, na mzigo wa Katwe si uzito, ni chumvi. Chumvi ikipenya kwenye zege huozesha nondo; nondo iliyoshika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani.

Hatua chache kutoka kwenye magofu hayo, vidimbwi vya chumvi vya wenyeji bado vinafanya kazi. Kingo zake ni za tope, miti na nyasi. Mvua kubwa ikinyesha, kingo hubomoka na maji ya mvua huzimua chumvi. Kiangazi kikirudi, wenyewe hutengeneza upya kwa vifaa vilivyo karibu. Mhakiki mwenye haraka angehitimisha hapa kwamba jadi imeishinda teknolojia, kwamba kidimbwi ndicho stahimilivu na kiwanda sicho. Ningependa sana kukubaliana naye, maana hadithi ya namna hiyo hupendeza darasani.

Lakini tumuulize: ni kidimbwi kinachostahimili, au ni mwanamke anayesimama ndani yake? Wachimbaji wa Katwe hufanya kazi wakiwa ndani ya maji yanayochoma ngozi na kuingia katika kila kidonda. Kingo zikibomoka, hakuna bima inayolipa. Familia hupoteza mavuno na kuanza tena. Kidimbwi kinadumu kwa sababu mwili wa binadamu umefanywa mhimili wake. Kiwanda kilishindwa kubeba mzigo. Kidimbwi kimeupitisha kwa hamali asiyelipwa ujira wa kubeba. Kukisifu bila kumtaja hamali huyo ni kuhakiki mchezo wa kuigiza kwa kuangalia jukwaa peke yake.

Swali hilohilo linatungoja kaskazini, Nyamwamba unapoteremka kutoka Milima ya Rwenzori, ukipita Kilembe kabla ya kufika mji wa Kasese. Tarehe 1 Mei 2013 mto huo ulifurika na kuvunja nyumba na madaraja. Hospitali ya Kilembe nayo ilipigwa. Ulifurika tena Mei 2014, kisha Mei 2020, mwaka ambao mito mingine ya wilaya pia ilivunja kingo zake na maelfu ya watu wakahama makwao. Mvua haikuwa sababu pekee. Moto wa mwaka 2012 ulikuwa umeunguza uoto wa sehemu za juu za mlima, na maporomoko yalishusha mawe makubwa. Tena, bondeni yamelundikana mabaki ya machimbo ya shaba ya Kilembe, ambayo maji huyamega na kuyasafirisha hadi kwenye makazi na mashamba.

Hapa wahandisi wanastahili kusikilizwa, kwa sababu lugha yao ya kazini ni makini kuliko lugha ya ripoti. Mhandisi hasemi tu kwamba daraja ni imara. Husema limesanifiwa kwa mafuriko ya kiwango gani. "Mafuriko ya miaka 100" hayana maana kwamba yakipita leo tutapumzika karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wake ni 1%. Kwa daraja litakalotumika miaka 50, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni karibu 40%. Na hesabu hiyo hutegemea mvua za zamani. Mvua zikibadilika, au mawe yakijaza mkondo na kupunguza nafasi ya maji, daraja lilelile linakabiliwa na mto mwingine. Magogo na mawe yakinasa chini yake, hugeuka bwawa na kuyaelekeza maji kwenye nyumba.

Ndiyo maana kuinua daraja, kupanga gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, na kutuma matingatinga kusafisha mkondo ni kazi za lazima, lakini kazi hizo hazina mwisho. Mto utashusha mawe mengine. Neno "miundombinu" limebeba muundo na mbinu, nasi hukata utepe mbele ya muundo na kuiacha mbinu bila bajeti. Mbinu ni nani atasafisha mkondo kila mwaka, nani atatunza uoto wa mlimani, nani atayadhibiti mabaki ya shaba, nani atapiga kengele usiku maji yakipanda. Mambo hayo yasipoandikwa, jibu hubaki lilelile la Katwe: watastahimili walioko chini.

Kwa hiyo napendekeza kanuni ndogo kwa yeyote kati yetu atakayetafsiri au kuandika kuhusu ujenzi. Tusiliruhusu neno "stahimilivu" lisimame peke yake. Liandamane na mambo manne: linastahimili nini, kwa muda gani, likivunjika litatengenezwa na nani, na kwa fedha za nani. Sentensi itarefuka, na pengine haitapendeza kwenye bango la mradi. Lakini mkazi wa Kilembe akiisoma atajua kama yeye ametajwa humo kuwa mwananchi wa kulindwa, au kuwa hamali.