Chuma si Kila Metali

Wahunzi wa Ufipa walitofautisha ilungu, tanuri refu la kuyeyushia mawe ya chuma, na kintengwe, tanuri dogo la kusafishia. Baadhi ya waandishi wetu wa fizikia huziita metali zote "chuma". Twaona kosa hili laharibu hesabu, si lugha tu. Mwanafunzi wa Sumbawanga akipewa gramu 56 za chuma halisi, atapata atomi 6.02 × 10²³, kila moja yenye elektroni 26. Jumla elektroni 1.57 × 10²⁵, na chaji hasi ya kulombu milioni 2.5. Kipande kikiwa cha risasi, elektroni ni 1.33 × 10²⁵, na chaji milioni 2.1. Basi twapendekeza: "chuma" libaki jina la metali moja; "metali" liwe la jamii nzima.