Moshi uko kwenye ramani, lakini uko puani?

Tarehe 7 Juni 2023 anga la New York liligeuka rangi ya chungwa. Moto wenyewe ulikuwa mbali, jimbo la Quebec huko Kanada. Upepo ndio uliouleta moshi. Picha za setilaiti zikasambaa mitandaoni, na wengi wakazisoma kama kipimo cha hewa. Hapo ndipo nina neno, hasa kuhusu ramani ya moshi ya NOAA, Hazard Mapping System.

Kwanza tuipe haki yake. Setilaiti ya GOES-16 ilikuwa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, ikipiga picha za Marekani kila dakika 5. Wachambuzi, yaani watu kabisa, huzitazama picha hizo mfululizo kama filamu, wakaona utando unavyosogea kutoka kwenye moto, kisha wakachora mipaka ya moshi. Picha moja peke yake inaweza kukuchanganya moshi na wingu jepesi. Mwendo ndio unaoutambulisha. Kazi safi.

Shida ni madaraja yake matatu: moshi mwepesi, wa kati na mzito. Ukiona "mzito" juu ya mji wako, utafikiri usitoke nje. Lakini setilaiti inatazama kutoka juu, kwa hiyo inaona moshi wote kwa pamoja, wa mbali angani na wa mtaani kwako. Daraja halikwambii moshi uko kimo gani. Mwishoni mwa mwezi huohuo moshi wa Kanada ulivuka Atlantiki ukafika Ulaya. Anga likafifia, ila sehemu kubwa ya moshi ilikuwa juu sana, na hewa ya chini haikuchafuka kama ya New York.

Na kinyume chake ni hatari zaidi. Mawingu yakitanda, moshi ulio chini yake hauonekani. Usiku nao, picha za mwanga wa kawaida hazipo. Ramani tupu si hewa safi, na mwenye pumu ndiye atakayelipa kosa hilo.

Ndiyo maana naipenda zaidi ramani ya moto na moshi ya AirNow. Moshi wa setilaiti inauchora kijivu tu. Rangi za tahadhari inaviachia vipimo vya ardhini vya chembe za PM2.5. Kila chombo kinasema kile inachokijua.

Kwetu jambo hili si la mbali. Sehemu kubwa ya eneo linaloungua duniani kila mwaka iko Afrika, na vituo vya kupima hewa ni vichache. Tukibaki na picha pekee, tutajua moshi unaelekea wapi bila kujua nani anauvuta. Kwa hiyo ukitumiwa picha kali ya moshi, ifurahie, halafu uliza: chini pale, nani amepima?